Mwenye Gitaa: Uundaji na Umiliki wa Ala za Nyuzi Mwanza na Ufukoni mwa Ziwa Victoria

Historia ya muziki wa Kanda ya Ziwa imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya waimbaji, ya bendi na ya mitindo, na ni nadra kusimuliwa kwa kufuata vyombo vyenyewe, yaani mbao, ngozi, nyuzi na nyaya ambazo bila hizo hakuna mwimbaji ambaye angesikika mbali na kibaraza chake. Mtu akivifuata vyombo hivyo kuanzia Bukoba hadi Ukerewe, na kutoka Mwanza kupitia Musoma hadi Shirati karibu na mpaka wa Kenya, hukutana na swali ambalo wanaoandika kuhusu muziki wa dansi hawajalipa uzito wa kutosha, nalo ni nani aliyekuwa na haki ya kukifungua chombo, kukichonga upya na kukirekebisha kiufuate mkono wake. Kwa ala za nyuzi za kale jibu lilikuwa wazi, kwa kuwa mpigaji alikuwa ndiye mtengenezaji, au aliishi jirani na mtengenezaji. Kwa gitaa la umeme, ambalo ndilo kiini cha insha hii, jibu lilikuwa gumu kwa muda mrefu, na ugumu huo ulitokana na umiliki kuliko ulivyotokana na umeme.

Upande wa magharibi wa ziwa, ala iliyotukuzwa kuliko zote ilikuwa nanga, ambayo Wahaya huiita enanga. Ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa mfano wa sinia refu lenye kina kifupi, ambalo ncha zake mbili hukatwa meno, na uzi mmoja mrefu hupitishwa katika meno hayo ukienda na kurudi mpaka juu ya uwazi wa sinia zipatikane nyuzi saba au nane zenye sauti tofauti. Uzi huo ulisokotwa kwa kano za ng'ombe, na kwa kuwa ni mmoja tu, kuulegeza mahali pamoja kungeweza kuivuruga sehemu ya jirani, hivyo kulinganisha sauti za nanga ilikuwa kazi ya mtu aliyeijua ala yake kwa vidole, si kwa macho. Ala hiyo ndiyo iliyobeba tendi za mashujaa zilizotambwa mbele ya watawala, na M. M. Mulokozi alizifanyia utafiti mpana katika tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukerewe nako nanga ilipigwa, na mwanahistoria Gerald Hartwig, katika makala aliyoichapisha mwaka 1969 katika jarida la Tanzania Notes and Records, aliuchambua muziki wa Wakerewe kwa kuufungamanisha na historia ya utawala na ya jamii yao. Mlezi wa nanga, kwa maneno mengine, alikuwa ikulu ya mtemi au ya mukama, na nafasi za watawala hao zilipofutwa kisheria mwaka 1963, mpigaji alibaki na ala yake lakini akampoteza aliyemlisha.

Upande wa mashariki, kuanzia Rorya na Shirati kuingia Nyanza ya Kenya, ala kuu ilikuwa nyatiti ya Wajaluo, na jirani yake wa karibu ni litungu la Wakuria wa Tarime. Nyatiti ina bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili inayotoka katika bakuli hilo, na mti wa kukingama unaozibeba nyuzi nane, nne kwa mkono wa kushoto na nne kwa mkono wa kulia. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, ala ikiwa imelazwa ubavu mbele yake, huku njuga zikiwa kifundoni na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga fremu ya ala kushika mapigo, kwa hiyo mtu mmoja hutoa peke yake sauti ambazo bendi ingehitaji watu watatu au wanne kuzitoa. Jambo ambalo msikilizaji wa leo hulisahau ni kwamba nyatiti haikuundwa ili itoe sauti safi: daraja lake, yaani kile kipande kinachozipokea nyuzi juu ya ngozi, huundwa kwa vipande vya matete vilivyoshikizwa kwa nta, na nyuzi zikiyagusa matete hayo hutoa mvumo wa kukwaruza ambao mpigaji huutafuta kwa makusudi na kuurekebisha kwa kuisogeza nta kidogo kidogo. Miongo kadhaa baadaye, amplifaya iliyozidishiwa sauti hadi ikaanza kukwaruza haikuwa na ugeni wowote katika masikio yaliyolelewa hivyo. Nyuzi zilikuwa za kano hapo mwanzo. Mshipi na nyavu za nailoni zilipoenea ziwani katika miaka ya 1950, wapigaji walihamia nailoni, na mabadiliko hayo yalipita bila ugomvi wala kuagizwa na mtu, kwa sababu aliyebadilisha uzi alikuwa mwenye ala.

Kati ya pande hizo mbili, Usukuma ulikuwa, na bado ni, nchi ya ngoma na ya sauti za watu kuliko ya nyuzi. Mashindano ya Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji ambayo uhasama wao wa kirafiki unaonekana hadi leo katika sherehe za Bulabo, yaliendeshwa kwa ngoma, nyimbo na ubunifu wa kuwavuta watazamaji, na makumbusho ya Bujora kule Kisesa, yaliyotokana na juhudi za Padri David Clement, yana utajiri wa ngoma kuliko wa zeze. Hata hivyo ni Usukuma, kwa njia ya pamba, uliolipia sehemu kubwa ya yale yaliyofuata.

Gitaa halikufika Mwanza kwa njia moja. Reli ya Uganda ilifika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901, na reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na baina ya vituo hivyo meli zilizunguka Bukoba, Musoma na bandari za Uganda zikibeba pamba, kahawa, samaki, abiria na, ndani ya mizigo ya abiria, santuri. Vijana waliotumikia jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) katika Vita vya Pili vya Dunia walirudi makwao wakiwa wamezoea magitaa na kodiani, na wengine waliofanya kazi migodini kusini walirudi na magitaa ya bei nafuu ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, yenye chapa ya Gallotone, ambayo yalienea kiasi kwamba wanamuziki wa Tanzania walizoea kuliita gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, galatoni. Chapa hiyohiyo ndiyo aliyoanza nayo John Lennon kule Liverpool katika miaka ya 1950, na mtu anayedhani kwamba mpigaji wa Mwanza alianza na chombo duni kuliko wenzake wa Ulaya angefaa kulikumbuka hilo.

Ambaye hakuweza kununua galatoni alitengeneza. Umoja wa vyama vya ushirika vya pamba, Victoria Federation of Co-operative Unions, uliundwa mwaka 1955, na katika miaka ile fedha ya pamba iliijaza Kanda ya Ziwa baiskeli. Baiskeli nazo zilileta waya wa breki, na waya wa breki ukifumuliwa hutoa nyuzi nyembamba za chuma ambazo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati zimegeuzwa nyuzi za gitaa. Mwili ulitokana na debe au na mbao za sanduku, na shingo na ubao wowote ulionyooka. Mwanza haikukosa watu wa kuligeuza bati kuwa kitu kingine: mtaa wa Makoroboi, katikati ya mji, umepewa jina la taa za bati zilizotengenezwa kwa makopo. Kifaa kingine cha kutengeneza mwenyewe kilikuwa penseli iliyokazwa kwa mpira juu ya shingo ya gitaa, ambayo huzifupisha nyuzi zote kwa pamoja, hivyo mpigaji hupanda kwenda sauti ya mwimbaji bila kubadili vidole alivyozoea. Vifaa hivi havikuwa mzaha wa watoto, kwa kuwa vidole vilivyojifunza juu ya waya wa breki, ambao ni mgumu na hukata ngozi, ndivyo vilivyopanda jukwaani baadaye.

Gitaa la umeme ni kitu cha namna nyingine kabisa, na haifai kulichukulia kuwa gitaa kavu lililoongezewa spika. Katika gitaa kavu, uzi hulitikisa daraja, daraja hulitikisa sanduku, na hewa iliyomo ndani ya sanduku ndiyo inayopaza sauti. Ubora wote uko katika sanduku. Katika gitaa la umeme, chini ya nyuzi za chuma huwekwa pikapu, yaani kinasa mtetemo, ambacho ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotetema ndani ya uga wa sumaku hiyo huzalisha katika waya mkondo hafifu wa umeme unaofuata mtetemo wenyewe, na mkondo huo hukuzwa na amplifaya. Gitaa la kwanza la namna hiyo kuuzwa kwa mafanikio lilitoka Marekani katika kampuni ya Rickenbacker mwaka 1932, Gibson wakafuata na modeli ya ES-150 mwaka 1936, na mwaka 1950 Leo Fender wa California akaleta gitaa lisilo na sanduku kabisa, ambalo mwili wake ni ubao mzima na shingo yake imefungwa kwa skrubu nne. Gitaa hilo, lililokuja kuitwa Telecaster, na ndugu yake Stratocaster wa mwaka 1954, ndiyo mizizi ya desturi ya kubadilisha gitaa lako mwenyewe, kwa sababu shingo iliyofungwa kwa skrubu huweza kung'olewa na kuwekwa nyingine, na pikapu iliyolehemiwa kwa nyaya mbili huweza kulehemiwa upya na mtu yeyote mwenye chuma cha kulehemu na risasi.

Kwa seremala wa ufukoni, mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa kuliko ilivyotambuliwa wakati ule. Gitaa kavu ni gumu kuliunda vizuri, kwa kuwa ubavu wake ni mbao nyembamba sana zinazopindwa kwa moto na maji, na kosa dogo huipasua kazi ya wiki nzima. Gitaa la ubao mzima halihitaji kupinda kitu, bali msumeno, patasi, randa, tupa na msasa, vifaa ambavyo kila fundi wa vitanda na wa mitumbwi alikuwa navyo. Umeme ulirahisisha useremala wa gitaa, lakini uligumisha uhunzi wake na kuingiza ndani yake kazi ya fundi redio, na ndiyo maana gitaa la umeme lililozaliwa Mwanza lingehitaji mikono ya watu wasiozoea kukaa benchi moja.

Lakini kabla ya benchi hilo kulikuwa na swali la umiliki. Gitaa la umeme lilifika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, mwaka 1953 likiletwa na mpiga gitaa Mbelgiji, Bill Alexandre, na kufikia miaka ya 1960 bendi za Tanganyika nazo zilikuwa zikipiga magitaa ya umeme kwa mpangilio uliojifunza mengi kutoka Kongo: solo, rithimu, besi, na mara nyingi gitaa la nne lililojaza pengo kati ya solo na rithimu, ambalo liliitwa mi-solo. Hapo ndipo palipo na mfano mzuri zaidi wa kurekebisha gitaa katika muziki wa dansi, kwani gitaa la mi-solo lilibadilishwa uzi wake wa nne, ule mnene kiasi, likawekewa uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu, na matokeo yake ni kwamba mishindo ya vidole iliyokuwa ikishuka chini na kupotea ndani ya besi ilirudi juu na kumeta. Ubadilishaji huo haukugharimu chochote zaidi ya uzi mmoja, haukuacha jeraha katika mbao, na uliweza kufutwa kesho yake asubuhi, na sifa hiyo ya mwisho haikuwa ya bahati tu, kwa kuwa gitaa lenyewe kwa kawaida halikuwa mali ya mpigaji.

Katika Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970, neno lililotawala maisha ya mwanamuziki lilikuwa vyombo, yaani seti nzima ya magitaa, amplifaya, spika, ngoma na tarumbeta, na vyombo vilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Jeshi, polisi na kiwanda cha nguo cha Urafiki vilikuwa na bendi zao. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam, DDC. Mahali ambapo mwenye vyombo hakuwa shirika alikuwa mfanyabiashara, na hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kuliko jina la Orchestra Matimila, bendi ya Remmy Ongala, ambalo ni jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo hivyo. Mwanamuziki alipohama, na walihama mara kwa mara, aliondoka na sauti yake, vidole vyake na labda nyuzi chache mfukoni, akaliacha gitaa likimsubiri mwingine. Shirika, kwa namna fulani, liliirithi nafasi ya ikulu ya mtemi, isipokuwa kwamba mpiga nanga aliyekosana na mtawala aliweza kuondoka na nanga yake kwapani. Mtu asiyemiliki gitaa halichimbi shimo la pikapu ya pili, haichongi shingo yake iwe nyembamba kwa ajili ya kiganja chake, wala halipaki rangi. Kwa hiyo ubunifu wa wapigaji wakubwa wa miaka ile ulikimbilia kwenye yale yaliyoweza kufanywa bila bisibisi, yaani mpangilio wa nyuzi, nguvu ya kidole na mahali pa kukomea kitufe cha amplifaya.

Daniel Owino Misiani ni mfano unaopaswa kupewa nafasi yake, kwa sababu alizaliwa Shirati mwaka 1940, katika ardhi ya Tanzania, ingawa jina lake linahusishwa zaidi na Kisumu na Nairobi. Bendi yake, iliyokuja kujulikana kama Shirati Jazz, ilikuwa miongoni mwa zile zilizoijenga benga, muziki ambao gitaa lake la solo hukimbia juu kwa noti moja moja, zikidonolewa kwa haraka na kupokezana na besi inayoruka badala ya kutembea. Wachambuzi wa benga wamekubaliana kwa upana kwamba mshiko huo unatokana na nyatiti, ambako mkono wa kulia na wa kushoto huzungumza kwa zamu, na ukiusikiliza kwa makini utasikia kwamba gitaa limeagizwa lisifanye kazi ambayo lilibuniwa kuifanya: nyuzi nene haziachwi zivume, na koodi haziachwi zitulie. Huko pia ni kulibadilisha gitaa, ingawa mbao yake haikuguswa. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani karibu na Kisumu mwaka 2006.

Tatizo kubwa la upande wa Tanzania lilianza pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka huo na haukufunguliwa hadi mwaka 1983, meli za ziwa ziligawanywa baina ya nchi, na Nairobi, ambako bendi za Tanzania zilikuwa zikienda kurekodi na ambako santuri zao zilikandamizwa, ikawa mbali kuliko ilivyoonekana katika ramani. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha za kigeni zilizokuwapo, na hapo gitaa, uzi wa gitaa, vali ya amplifaya na hata spika viliingia katika orodha ileile ya vitu adimu pamoja na sukari, sabuni na sufi. Ni katika miaka hiyo fundi redio alipogeuka kuwa mtu muhimu wa muziki bila kupanda jukwaani. Transista iliyong'olewa katika redio kuukuu iliweza kuifufua amplifaya. Karatasi ya spika iliyopasuka ilizibwa kwa gundi na kuendelea kufanya kazi, japo kwa sauti iliyochakaa. Uzi uliokatika karibu na daraja ulifungwa fundo na kurudishwa. Utunzaji huo ulikuwa uundaji pia, kwa kuwa kifaa kilichofunguliwa mara kumi na mafundi watatu hakirudi kuwa kile kilichotoka kiwandani.

Kuunda gitaa zima kuanzia ubao ni kazi ngumu zaidi, na inafaa kuitazama kwa karibu ili ieleweke ugumu uko wapi. Mbao si tatizo Kanda ya Ziwa. Mninga wa miombo ya Tabora na Shinyanga unasifika kwa kutonywea wala kujipinda ukisha kukauka, sifa ambayo shingo ya gitaa inaihitaji kuliko uzuri wa rangi, kwa kuwa nyuzi sita za chuma zilizokazwa huivuta shingo usiku na mchana. Mvule wa Kagera na Uganda umetumika vizazi vingi kwa samani na kwa vyombo vya majini. Na mpingo, ulio mzito kiasi cha kuzama majini, hautobolewi wala kulika upesi na nyuzi, hivyo hufaa kwa ubao wa juu wa shingo ambao vidole hukanyaga. Tatizo la kwanza ni freti, yaani zile pingili za chuma zilizopachikwa shingoni kuonyesha mahali pa kila noti. Nyatiti haina freti na nanga haina, kwa hiyo sikio la mpigaji husahihisha kila kitu. Gitaa halisahihishwi hivyo, kwa sababu freti iliyowekwa vibaya itakosea milele. Kanuni yake ni kwamba urefu wa uzi hugawanywa kwa 17.817 ili kupata umbali wa freti ya kwanza, kisha urefu uliobaki hugawanywa tena kwa namba ileile, na kuendelea. Kwa uzi wa milimita 648, ambao ndio urefu wa magitaa ya Fender, freti ya kwanza hukaa milimita 36.4 kutoka kichwani, ya pili milimita 34.3 zaidi, na ya kumi na mbili hukaa katikati kabisa, kwenye milimita 324. Fundi aliyepima kwa kamba za kupimia nguo, akakosea milimita moja tu katika freti za juu, atakuwa ametengeneza kitu kinachofanana na gitaa katika picha peke yake. Njia ya mkato iliyotumiwa na mafundi wengi duniani, na isiyo na aibu yoyote, ni kunakili vipimo kutoka shingo ya gitaa zima kwa kuweka kipande cha karatasi juu yake.

Tatizo la pili ni pikapu. Kanda ya Ziwa haikukosa watu wa kusuka koili, kwa kuwa mashine za kuchambulia pamba na za kusagia nafaka huendeshwa kwa mota, na mota zikiungua hupelekwa kwa mafundi wa kuwaindi wanaozivisha waya upya. Ila waya wa mota ni mnene mno kwa kazi hii, ambayo hudai waya wa unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara 7,000 au 8,000 bila kukatika. Waya wa namna hiyo hupatikana katika vifaa vidogo vya umeme vilivyokufa, na hukatika mkononi mwa fundi mwenye haraka. Kwamba jambo hili linawezekana bila kiwanda lilithibitishwa na Konono No. 1 wa Kinshasa, kundi la Mingiedi Mawangu, ambalo liliziwekea likembe zake vinasa mtetemo vilivyotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu, na sauti iliyotokea, yenye kukwaruza kama daraja la nyatiti, ilizunguka dunia nzima.

Wala uundaji wa nyumbani si dalili ya umaskini pekee. Mwaka 1963 kijana wa London, Brian May, alianza pamoja na baba yake kuunda gitaa la umeme ambalo shingo yake ilichongwa katika mbao ya mahali pa moto pa nyumba ya zamani, springi zake zilitoka katika pikipiki, alama za freti zilikuwa vifungo vya nguo, na mkono wa kutikisia nyuzi ulitokana na kipande cha baiskeli. Gitaa hilo, lililoitwa Red Special, ndilo alilolipiga May katika kundi la Queen, nyuma ya mwimbaji aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Tofauti kati ya May na mpigaji wa Mwanza wa miaka ileile haikuwa katika mbao wala baiskeli, bali katika ukweli kwamba baba na mwana wale walilimiliki gitaa lao, hivyo kila saa waliyoipoteza juu yake ilibaki kuwa mali yao.

Mlango ulifunguka nchini kwa bajeti ya mwaka 1984, iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na ukafunguka zaidi chini ya serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi kuanzia mwaka 1985. Magitaa ya umeme, mengi yakiwa yametumika, yalianza kuingia kupitia watu binafsi, ndugu walio nje na makanisa. Makanisa, kwa hakika, ndiyo yaliyoliokoa gitaa la umeme Mwanza wakati bendi za dansi zilipokuwa zikipungua na bongo fleva ilipokuwa ikijitosheleza kwa kinanda na kompyuta: kwaya za kanisa la AIC (Africa Inland Church), ikiwemo ya Makongoro, zilijenga sauti yao juu ya solo na besi, na vituo vya redio vilivyoanzishwa baada ya uhuru wa utangazaji wa mwaka 1993, Radio Free Africa ya Mwanza ikiwa mojawapo, vilizipeleka kwaya na bendi hizo mbali na ziwa. Umiliki wa pamoja uliendelea, safari hii ukiwa wa usharika, lakini bei zilikuwa zimeshuka kiasi kwamba kijana aliyejifunza kwenye gitaa la kanisa aliweza, baada ya muda, kuwa na la kwake, na gitaa la kwake ndilo analothubutu kulifungua kwa bisibisi. Magitaa ya kiwandani ya bei nafuu huja na pikapu hafifu, funguo zinazolegea na freti zenye makali pembeni, na marekebisho huanzia hapo: freti hupigwa tupa, funguo hubadilishwa, nyaya za ndani hulehemiwa upya.

Hatua inayofuata, ya kuiondoa shingo ya kiwandani na kuweka iliyochongwa hapa, inarudisha mezani suala la mpingo. Kuanzia tarehe 2 Januari 2017, miti yote ya jenasi ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmoja wao, iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na watengenezaji na wauzaji wa klarineti na magitaa wa nchi nyingi walijikuta wakihitaji vibali vya kuuza ala zao nje ya nchi. Malalamiko yakawa mengi, na mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika, pamoja na sehemu zake zilizokamilika, ziliondolewa katika sharti hilo. Kwa fundi wa Mwanza anayemchongea mteja wa Kisumu au wa Kampala, maana yake ni kwamba, kwa upande wa mkataba huo, ubao wa mpingo uliokwisha kukatwa, kutiwa freti na kuwa shingo huvuka mpaka wa Sirari au wa Mutukula kama sehemu ya ala, ilhali ubao uleule kabla haujaguswa na msumeno wake huhesabiwa kuwa mbao na hudaiwa kibali.